Korongo Ambalo Hatukulipanda

Jumapili, 10 Juni 2018, Bertrams

Theluji ya kwanza ya mwaka huu imeanguka kwenye Milima ya Drakensberg tangu juzi. Hapa Johannesburg tumepata upepo tu, na vumbi la machimbo. Refilwe amenitumia picha kwa simu akaniomba nianze daftari la theluji mapema kuliko mwaka jana. Nimeanza.

Kama kuna atakayelisoma baada yangu: mimi ni Placide Paluku, fundi cherehani. Nina chumba cha kazi nyuma ya uwanja wa Ellis Park, ninashona sare za walinzi na kutengeneza mahema, mifuko ya kulalia na makoti ya wapanda milima. Kwetu ni Mutwanga, chini ya Ruwenzori, upande wa Kongo. Huko nilibeba mizigo ya wageni miaka minne, nikawaongoza miaka mitano, hadi vita vilipofunga njia. Refilwe alikuja kwangu mwaka juzi na hema lililochanika. Nikamuuliza lilichanikia mlima gani. Ana kampuni ndogo kule Troyeville ya kuwapeleka watu wa mjini milimani, na tangu siku ile mimi ndiye ninayemwangalizia theluji.

Watu wengi hapa hawaamini kwamba nchi hii ina theluji ya kuua, na kwa kawaida hawakosei. Ni nyembamba, inakaa siku chache, inakwisha. Lakini kwenye makorongo yanayotazama kusini, ambako jua la majira haya halifiki, inakaa wiki nyingi, tabaka juu ya tabaka. Matabaka mawili yasiposhikana, lile la juu linaweza kuporomoka lote kwa pamoja na aliyesimama juu yake. Ruwenzori, mwaka 2009, poromoko la namna hiyo liliwafunika wabebaji wawili mbele ya macho yangu. Tuliwafukua wote wawili. Mmoja alikuwa hai.

Jumatatu, 11 Juni

Sare kumi na mbili. Baridi.

Alhamisi, 14 Juni

Umeme umekatika mchana mzima. Nimeshonea cherehani ya kukanyaga.

Jumapili, 17 Juni

Tumerudi. Theluji kwenye korongo ambalo Refilwe hupandishia wageni ni sentimita thelathini na moja.

Ninavyopima ni hivi. Ninachimba shimo hadi ardhini. Ukuta wa shimo unaonyesha matabaka. Kisha ninatenga nguzo ya theluji yenye upana wa sepetu, ninalaza sepetu juu yake na kuigonga: mara kumi kwa ncha za vidole, nikichezesha kifundo cha mkono tu, mara kumi kwa nguvu ya kiwiko, mara kumi kwa mkono mzima kutoka begani. Nguzo ikikatika, ninaandika ilikatika pigo la ngapi. Namba ndogo ni mbaya. Leo nilifika thelathini na nguzo ikasimama.

Tumepata mbebaji mpya, Astère, Mrundi wa miaka arobaini na kitu, mlinzi wa maegesho karibu na Park Station na shemasi wa kanisa letu. Hakuwahi kuona theluji. Aliiokota, akainusa, akasema haina harufu, na kitu kisicho na harufu hakiaminiki. Alizungumza kutoka garini hadi juu, na kutoka juu hadi garini. Sidhani atafaa.

Ijumaa, 22 Juni

Mbingu safi, baridi kali. Mke wangu Célestine amepika sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Alisema mimi nikiwa mlimani yeye hula mkate, hana hamu ya kupika. Sikujua.

Jumapili, 1 Julai

Wiki mbili bila theluji mpya, jua kila siku. Wageni wamefurahi. Refilwe amefurahi.

Mimi nimechimba. Theluji nyembamba ikilala siku nyingi chini ya mbingu safi, joto la ardhi linapanda kutoka chini, baridi ya usiku inashuka kutoka juu, na chembe za chini zinageuka. Zinakuwa kubwa, zenye pembe, kila moja kivyake. Nilichota kiganjani zikamwagika kati ya vidole kama sukari. Namba: ishirini na mbili.

Nilimweleza Refilwe. Aliandika kwanza kwenye simu yake, ndipo akauliza. Hilo ninalipenda kwake. Wengi huuliza ili wasiandike.

Jumapili, 8 Julai

Sikwenda. Binti yetu Shekinah ana mafua. Ameliona daftari akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, namba hizi ni za nini. Nikamjibu kwa Kiswahili. Alielewa, akasema inachosha.

Jumapili, 15 Julai

Namba: kumi na sita. Sukari imefika sentimita kumi na moja kutoka chini.

Astère alinifuata shimoni bila kualikwa, akauliza maswali ishirini, mengine mara mbili. Nilimjibu kwa ufupi. Akaenda kuwapa wageni majibu yangu kana kwamba ni yake.

Jumatano, 25 Julai

Zipu saba.

Jumapili, 29 Julai

Namba: kumi na tatu. Sukari ni sentimita kumi na nne sasa, karibu nusu ya theluji yote iliyopo. Juu yake hakuna kitu kizito. Sukari peke yake haimuui mtu. Inangoja mzigo.

Ijumaa, 3 Agosti

Refilwe amekuja chumbani kwangu na ramani. Alhamisi ijayo, tarehe tisa, ni Siku ya Wanawake. Wanawake saba wanataka kusimama kileleni siku hiyohiyo, na njia fupi ni korongo. Wamefanya mazoezi miezi sita, wakipanda na kushuka ngazi za maghorofa. Nilimwambia korongo litapitika ikiwa hakutakuwa na theluji mpya yenye upepo. Akaandika.

Mmoja wa wale saba ni Murielle, msusi wa Lubumbashi mwenye saluni ya viti viwili Joubert Park. Ndiye anayemsuka Refilwe, na tunasali naye kanisa moja. Anasimama kwa miguu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, siku sita kwa juma. Anakaa ghorofa ya saba katika jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Alimwambia Célestine kwamba mlima una ubora mmoja: ukifika juu, hukuti mafuta ya kupikia umeyasahau chini.

Jumatatu, 6 Agosti

Theluji imeanguka huko juu tangu juzi jioni, na upepo mkali wa kaskazini-magharibi. Upepo huo unaikusanya theluji ya uwanda wote wa juu na kuimwaga korongoni. Nimempigia Refilwe. Alisema tutaona tukifika.

Mzigo umekuja.

Jumatano, 8 Agosti

Tunaondoka mchana.

Jumapili, 12 Agosti

Ninaandika kwa mpangilio, kabla sijaanza kuyapamba.

Alhamisi tuliondoka kwenye nyumba ya wageni saa kumi na moja alfajiri: Refilwe, wageni saba, Astère na mimi. Mbingu ilikuwa safi na upepo umetulia. Wanawake wote walivaa skafu za zambarau, wakaimba hadi pumzi ikawakatalia. Saa moja na nusu tulifika mdomoni mwa korongo. Wageni wakaketi kwenye mawe kunywa chai. Korongo lilikuwa jeupe kutoka ukuta hadi ukuta, bila alama ya mguu. Mmoja wao alisema linafanana na shuka la hoteli.

Nilikwenda pembeni kama hatua ishirini kutafuta pa kuchimba. Theluji ilishuka kidogo chini yangu, kwa sauti nzito, kama mtu mnene aliyejitupa kwenye kochi kuukuu. Ufa mwembamba ulikimbia kutoka kwenye kiatu changu, mita kama nne. Wageni hawakusikia. Astère alikuwa nyuma yangu na sepetu. Aliacha kuzungumza.

Nikachimba. Juu palikuwa na sentimita arobaini za theluji ya upepo, ngumu kama ubao. Chini ya ubao, sukari ya Juni na Julai. Nilitenga nguzo, nikalaza sepetu, nikagonga kwa vidole. Moja, mbili, tatu, nne. Ubao wote ulichomoka mzima ukanijia magotini, kama droo iliyovutwa.

Nikamwita Refilwe. Aliuliza kama nina hakika kwamba korongo litaporomoka. Nikasema sina. Akauliza ni asilimia ngapi. Nikasema namba niliyo nayo ni nne. Aliwatazama wale wanawake na skafu zao. Alisema, eish, hii ndiyo sababu alinitafuta, na leo anatamani asingenitafuta. Kisha akasema niamue mimi.

"Hatupandi hapa," nikasema.

Mwanamke mmoja mrefu, mfanyakazi wa benki, aliuliza hatari iko wapi, maana yeye haioni. Nilimpeleka shimoni. Akaangalia kwa adabu, akasema anaona theluji.

Kulikuwa na njia ya pili: mgongo wa mlima upande wa kushoto, mrefu zaidi, wa majani na mawe, ambao upepo ulikuwa umeufagia theluji yote. Pasipo na theluji hapana poromoko. Nikatangulia. Kila baada ya hatua chache niligeuka kuliangalia korongo lililokuwa kulia kwetu. Lilikuwa limetulia.

Saa tatu na dakika chache Murielle, wa nne kwenye mstari, alikanyaga jiwe lililofunikwa na barafu nyembamba isiyoonekana: maji ya theluji yaliyoyeyuka mchana na kuganda usiku. Hakupiga kelele. Niliposikia mawe yakibingirika, nilitazama korongo kwanza. Ndipo nikatazama chini. Alikuwa ameteleza mita nane hivi, na mguu wake wa kulia, juu kidogo ya kifundo, ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Nilifunga mguu kwa fimbo mbili za kutembelea na skafu nne. Simu hazikushika mtandao. Refilwe aliwashusha wale sita na kwenda kutafuta msaada. Baadaye tulijua kwamba aliupata, lakini upepo ulikuwa umerudi na helikopta haikuweza kuruka. Tulibaki watatu. Nilitoboa mkoba wangu mkubwa pa kupitishia miguu, tukamketisha humo, na Astère akamchukua mgongoni kwanza.

Tulibadilishana kila nilipohesabu hatua mia mbili, baadaye mia, baadaye hamsini. Astère alizungumza njia nzima. Alimsimulia Murielle habari za mashamba ya maharage ya mama yake kule Ngozi, Burundi. Habari za mwenye gari aliyemshitaki kwa kuiba gari ambalo mwenyewe alikuwa ameliegesha mtaa wa pili. Habari za mchumba wake wa kwanza aliyemkataa kwa sababu ya masikio yake. Murielle alipoanza kufumba macho, Astère alimuuliza jinsi msuko fulani unavyoanzwa, upande gani, nywele ngapi, naye akalazimika kufikiri na kujibu. Kwa majira mazima nilikuwa nimeyasikia maneno ya mtu huyu kama kelele. Alhamisi nilitambua kwamba yalikuwa kazi, na kwamba mimi nisingeiweza.

Tulifika barabarani saa kumi na mbili jioni. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika.

Nimeandika yote isipokuwa moja. Mkobani mwangu, kabla sijautoboa, mlikuwa na jozi kumi za meno ya chuma ya kufunga viatuni. Nilikuwa nimezileta kwa ajili ya korongo na kuzinoa mwenyewe. Tulipoliacha korongo sikuzitoa. Niliona majani na mawe, nikadhani mgongo ni mkavu. Hakuna aliyeniuliza, nami sijamwambia mtu.

Jumanne, 14 Agosti

Hospitali. Mifupa miwili, sahani ya chuma, misumari. Miezi mitatu asisimame. Dada yake ameshika kiti kimoja cha saluni, cha pili kiko wazi.

Murielle alinikaribisha vizuri, akanishukuru kwa machungwa. Kisha akauliza kama lile korongo lilianguka. Nikasema hapana. Akageukia ukuta. Nilikaa dakika kumi zaidi kwa sababu kuondoka hapo hapo kungeonekana vibaya.

Jumamosi, 18 Agosti

Refilwe amenitumia ujumbe bila neno la kwake. Ni picha ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopanda korongo letu Jumapili iliyopita, siku tatu baada yetu. Walipanda wanane. Walishuka wanane.

Jumatano, 22 Agosti

Yule mwanamke wa benki ameandika mtandaoni kwamba kiongozi aliyeogopa theluji aliwapeleka kwenye barafu. Sioni neno la uongo katika sentensi hiyo.

Refilwe hapigi simu. Ninashona.

Jumapili, 26 Agosti

Kanisani watu wanamuuliza Célestine, hawaniulizi mimi. Anawajibu kwamba mlima ni mlima. Njiani kurudi aliniuliza kama ningerudia tena, ningeamua vilevile. Nilisema ndiyo kuhusu korongo. Alingoja niongeze kitu. Sikuongeza.

Astère aliketi karibu nami ibada nzima. Mwishoni alisema jambo moja tu: "Kaka, ile sauti chini ya miguu, mimi niliisikia."

Jumapili, 2 Septemba

Theluji nyingi Drakensberg, siku mbili mfululizo, na upepo uleule. Hakuna aliyeniuliza namba.

Jumapili, 9 Septemba

Refilwe alipiga simu Ijumaa. Hakueleza. Alisema tu niende naye, na Astère aje. Jana tulifika mdomoni mwa korongo saa nne asubuhi.

Lilikuwa limeanguka. Juu kabisa, chini ya ukingo, kulikuwa na mkato ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta, kama uliopigwa kwa rula. Kutoka hapo kushuka palionekana majani yaliyolala na miamba mitupu. Chini, theluji ilikuwa imerundikana mita tatu kwenda juu, mabonge makubwa kama friji, yameshikana kama saruji. Nilijaribu kuchimba, sepetu likagonga. Yale mawe waliyoketi wageni kunywa chai yalikuwa chini ya rundo. Astère alitembea pembeni akilipima kwa hatua, akasema mia moja na kumi na mbili.

Refilwe alinijia. Aliniomba radhi, kwa maneno machache na yaliyonyooka. Kisha akapiga picha nyingi, nyingine akanisimamisha ndani yake ili ukubwa uonekane.

Nilimwambia picha hizo zinahitaji tarehe. Korongo halikuanguka tarehe tisa Agosti. Lilikaa kimya siku hiyo, likawabeba wanafunzi wanane siku ya tatu, na lilianguka baada ya kuongezewa theluji ya Septemba, pengine mara mbili ya mzigo wa kwanza. Haithibitishi kwamba lingetuangukia sisi. Alijibu kwamba watu hawaelewi mizigo, wanaelewa picha, na kwamba mwezi mzima jina langu na la kampuni yake yametukanwa. Nikaokota sepetu langu. Nilikuwa nimechoka kutukanwa.

Alhamisi, 13 Septemba

Picha imesambaa. Haina tarehe. Chini yake Refilwe ameandika kwamba hapa ndipo tulipokataa kupanda. Nalo si uongo.

Yule mwanamke wa benki ameomba radhi hadharani. Wateja watatu wapya wamekuja na makoti wakitaka kuniona kuliko kushonewa. Shekinah ameionyesha picha darasani. Jioni mchungaji alipiga simu: Murielle ameomba nafasi Jumapili, atoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyowaokoa wanawake saba kupitia kwangu.

Nilishukuru, nikakata simu. Nimekaa na daftari hili tangu hapo, nikisoma kurasa za Agosti.

Jumamosi, 15 Septemba

Nimekwenda Joubert Park.

Murielle amerudi kazini wiki hii, daktari hapendi. Anasuka ameketi kwenye stuli ndefu ya baa, mguu ukiwa juu ya kreti la soda, na mteja ameketi kwenye mto sakafuni ili kichwa chake kifikiwe. Aliponiona alitaka kuinuka. Nilimzuia. Alisema kwa furaha mbele ya wote kwamba mwokozi amekuja. Nikamwomba, akimaliza mstari ule, tuzungumze. Mteja alikuwa mwanamke wa Zimbabwe asiyejua Kiswahili, kwa hiyo tulizungumza juu ya kichwa chake.

Nilimweleza habari ya tarehe. Nilimweleza wale wanafunzi wanane. Nilimwambia kwamba huenda tungepita salama, na huenda tusingepita, na kwamba mimi sijui wala sitajua. Mikono yake iliendelea kusuka. Alisema: "Lakini uliona hatari."

"Niliona."

"Basi."

Ndipo nikamweleza ya meno ya chuma. Nilimwambia ni jozi kumi, na moja ilikuwa saizi yake, niliipima mwenyewe siku moja kabla. Nilikuwa nimeliangalia korongo sana hata nikaacha kuangalia pale tulipokanyaga. Kama angeyavaa asingeteleza. Hilo, tofauti na lile la korongo, ninalijua.

Mikono ilisimama. Mteja akauliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo. Murielle akamwambia hapana.

Baadaye akasema, polepole: "Papa Placide, mbona unaniambia hii maneno? Siku hizi nilikuwa nalala muzuri. Nilikuwa nasema, mguu wangu umeenda, lakini umelipa watu saba. Sasa unanipokonya hata hiyo."

Nilisema kwamba kesho angesimama mbele ya watu akiwa na habari niliyoijua kuwa pungufu.

"Ungeniacha niseme," akasema. "Nani angejua?"

Nikasema Astère angejua, alinisaidia kufunga mkoba asubuhi ile. Na mimi. Alinitazama, si kwa hasira wala kwa upole, kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akamgeuza mteja kichwa, akaanza mstari mwingine. Niliaga. Alijibu salamu.

Jumapili, 16 Septemba

Kanisa letu liko ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Sikujua kama atakuja. Alikuja akiwa amechelewa, kwa magongo, dada yake nyuma yake. Nilimwona mchungaji akimwonyesha kwa jicho kwamba zamu yake inafuata. Célestine alivaa kitenge kipya kwa ajili ya siku hii. Sikuwa nimemwambia kitu.

Murielle alikataa kupanda jukwaani. Alisimama pale pale alipokuwa, akiegemea magongo, akasema bila kipaza sauti. Ninayaandika kama nilivyoyasikia.

"Nilivunjika mguu kwenye mulima. Papa Placide alikataza tusipite kwenye theluji. Ile theluji haikuanguka siku ile. Ilianguka nyuma, siku ingine, sisi hatukuwako. Ingetuua ao haingetuua, mi sijui. Na yeye hajui, ameniambia. Vyuma vya viatu alikuwa navyo mgongoni, akasahau kutuvalisha. Hiyo pia ameniambia, wala sikumuuliza."

Watu waligeuka kunitazama. Niliangalia mbele.

"Sasa ile ninayojua mimi ni hii. Kutoka saa tatu mpaka saa kumi na mbili walinibeba, yeye na Papa Astère, kwa zamu. Mimi ni muzito, munaniona. Na kila mara walipotaka kuniweka chini, waliniuliza kwanza."

Akaketi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mchungaji alingoja kidogo, kana kwamba ushuhuda haujaisha, kisha akaanzisha wimbo mwenyewe, juu mno, na Astère akaushusha kwa sauti yake hadi mahali ambapo wote tungeweza kuimba.

Tulirudi kwa miguu, Shekinah mbele na wenzake, Célestine na mimi nyuma. Karibu na robot, taa za barabarani za kona ya Ellis Park, Célestine aliuliza kama ni kweli, habari ya vyuma. Nikasema ni kweli. Aliuliza tangu lini nilijua. Nikasema tangu siku ileile, saa tatu na dakika chache.

Robot ilikuwa nyekundu. Hapakuwa na gari hata moja, lakini tulisimama. Ilipogeuka kijani, alinishika mkono, tukavuka.